Broncos ya 2022: Kosa la Kocha, la Wilson, au la Waliolipa?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nimekulia Tabora nikiwa shabiki wa Simba, sasa naishi Aurora, pembeni mwa Denver. Kazini kwetu Septemba ikifika ubishi ni uleule, msimu wa 2022 wa Denver Broncos, timu ya futiboli ya Kimarekani. Msimamizi wetu anamlaumu kocha Nathaniel Hackett, vijana wanamlaumu Russell Wilson, mchezaji nyota aliyeletwa mwaka huo kutoka Seattle. Kuna mzee mmoja anasema lile teke la yadi 64 kule Seattle lingepita, mengine yote yasingetokea. Timu ina nyota aliyekwishabeba ubingwa, ina ulinzi wa kuogopwa, inashindaje mechi 5 tu kati ya 17? Na kwa nini watu wanasema timu iliendelea kuulipia msimu huo miaka iliyofuata? (Msomaji, Aurora, Colorado)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na mzee wako, maana hoja yake ina uzito kuliko wanavyompa wenzake, ila hesabu yake haifiki mbali. Denver walipoteza mechi 12. Katika hizo, 9 walipoteza kwa tofauti ya pointi 7 au pungufu, yaani bao moja la mchezo huo pamoja na nyongeza yake. Mbili walipoteza kwa pointi moja. Kwa hiyo ni kweli walikuwa wakifia mlangoni karibu kila wiki. Lakini teke la Seattle lingepita wangemaliza na ushindi 6 na vipigo 11, sawa na Las Vegas Raiders, na Raiders waliwafunga mara mbili mwaka huo. Bado wangeshika mkia wa kundi lao.

Hata hivyo teke lenyewe linastahili kuangaliwa, kwa sababu ndani yake msimu mzima unaonekana.

Ilikuwa Jumatatu usiku, Septemba 12, 2022, mechi ya kwanza. Ratiba, kwa uchokozi wake, ilimrudisha Wilson Seattle, mji aliouchezea miaka 10, na mashabiki waliokuwa wakiliimba jina lake wakamzomea bila huruma. Denver walicheza vizuri kuliko matokeo yanavyosema. Walikusanya yadi 433, wenyeji 253. Tatizo likaja robo ya tatu: mara mbili walifika yadi ya mwisho kabisa kabla ya mstari, na mara zote mbili mkimbiaji akapokonywa mpira, kwanza Melvin Gordon, kisha Javonte Williams. Pointi zaidi ya kumi zikayeyuka hivihivi.

Twende dakika ya mwisho. Denver wako nyuma 17–16. Wilson anampasia Williams, zinapatikana yadi 9, sasa ni jaribio la nne na bado zinahitajika yadi 5. Mpira uko yadi ya 46 upande wa Seattle. Saa ina dakika moja na ushei. Wana taimauti zao zote 3, yaani ruhusa za kusimamisha saa. Wewe wa soka, kumbuka kanuni moja tu: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Likifika la nne, ama unalicheza na kuhatarisha kuupoteza mpira, ama unaupiga mbali kwa wapinzani, ama unajaribu teke la pointi tatu katikati ya milingoti. Hapo Denver walikuwa na nafasi ya kusimamisha saa, kupanga shambulizi la yadi 5 tu, na kumwachia kazi mtu waliyemleta hasa kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Hawakufanya hivyo. Saa ikaachwa iende. Peyton Manning, gwiji wa zamani wa Denver, alikuwa akiichambua mechi hiyo kwenye runinga pamoja na mdogo wake, na picha yake akipiga alama ya taimauti kwa mikono miwili, kama mtu anayemwita dereva aliyekwishaondoka, ilizunguka Marekani nzima. Zilipobaki sekunde 20 ndipo Hackett akaomba kusimamisha, akamwingiza mpigaji Brandon McManus ajaribu kutoka yadi 64. Rekodi ya ligi nzima wakati huo ilikuwa yadi 66. Mpira ukapita kushoto. Kesho yake kocha mwenyewe alikiri kwamba walipaswa kulicheza lile jaribio la nne.

Msimamizi wako anaposema kosa ni la kocha, ushahidi wake mkubwa ni huo, na wiki iliyofuata ukaongezeka. Denver wakiwa nyumbani dhidi ya Houston, kikosi cha mashambulizi kilikuwa kikichelewa kuanza mchezo kiasi kwamba mashabiki wakaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, uwanja mzima, kuwakumbusha kwamba muda unakwisha. Walishinda 16–9, lakini ulikuwa ushindi wenye aibu. Baada ya hapo klabu ikamtoa kocha mstaafu, Jerry Rosburg, nyumbani kwake, aje kumsaidia Hackett kwenye maamuzi ya saa na taimauti. Hebu fikiria: wiki mbili za msimu, na tayari kocha mkuu ameletewa mtu wa kumtazamia saa.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana mambo haya hayakuanza Septemba.

Denver walichukua Super Bowl ya 50, fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2016, Manning akastaafu, na tangu siku hiyo hawakuwa na kwotabeki wa kueleweka. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila mchezo unapoanza na kuamua uende wapi; timu isiyo naye ni sawa na haipo. Wakajaribu huyu, wakajaribu yule. Novemba 2020 wakafika mahali pa kuchekesha na kusikitisha: makwotabeki wao wote walizuiwa kucheza kwa sababu ya kanuni za korona, ikabidi wamsimamishe Kendall Hinton, mpokeaji wa pasi kutoka kikosi cha mazoezi. Alirusha pasi 9, ikafika 1. Walifungwa 31–3 na New Orleans Saints ya kocha Sean Payton. Likariri jina hilo, tutalihitaji.

Ukiwa na njaa ya miaka sita hivi, ukiona chakula huulizi kimepikwa na nani. Januari 2022 wakamwajiri Hackett kutoka Green Bay Packers, alikokuwa mratibu wa mashambulizi wa kwotabeki nyota Aaron Rodgers. Huko mwenye kuchagua michezo uwanjani alikuwa kocha mkuu Matt LaFleur, si yeye. Wengi waliamini Hackett kaletwa kama chambo cha kumvuta Rodgers. Klabu haikuwahi kulisema hilo hadharani, nami siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba Machi 8, 2022, siku hiyohiyo Rodgers alipotangaza kubaki Green Bay, Denver wakakubaliana na Seattle kumchukua Wilson.

Bei yake ilikuwa hivi: wachezaji watatu, Noah Fant, Drew Lock na Shelby Harris, pamoja na nafasi tano za drafti, mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na moja ya raundi ya tano. Wao wakapata Wilson na nafasi moja ya raundi ya nne. Kwa mtu wa Simba na Yanga hili halieleweki kirahisi, kwa kuwa sisi tumezoea klabu kununua mchezaji kwa fedha. Huko wachezaji vijana kutoka vyuo vikuu hugawanywa kwa zamu kila mwaka, na timu iliyofanya vibaya huchagua mapema. Hakuna kushuka daraja. Kufungwa kuna fidia yake, unapata kijana bora mwaka unaofuata. Denver waliiuza fidia hiyo kabla hawajajua kama wataihitaji.

Hawakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wilson walimwona kwa miaka kumi, tena alikuwa ndiye kwotabeki wa Seattle siku walipofungwa wao wenyewe 43–8 kwenye Super Bowl ya Februari 2014. Mbuzi walimjua vizuri. Hawakuuliza tu kama anakula majani yanayoota kwao. Wilson hazidi sana sentimita 180, mfupi kwa kazi ile, na umahiri wake ulikuwa kukimbia pembeni, kuununua muda, kisha kurusha mpira mrefu wa juu unaotua begani kwa mpokeaji. Mfumo aliokuja nao Hackett unataka kwotabeki apige hatua zake, aachie mpira kwa wakati, nyingi ziende katikati ya uwanja. Mmoja anataka muda, mwenzake anataka saa ifuatwe. Wakakaa kutengeneza kitu cha kuwaridhisha wote wawili, na matokeo yake kikawa si cha Hackett wala si cha Wilson. Juu ya hapo, waratibu watatu wa kocha, wa mashambulizi, wa ulinzi na wa timu maalumu za mateke, wote walikuwa hawajawahi kushika kazi hiyo kabla. Na Wilson hakuchezeshwa hata mechi moja ya maandalizi.

Ulinzi ulikuwa shwari kabisa, wala siwezi kuutaja kwenye lawama. Mratibu wake Ejiro Evero alikuwa na beki wa pembeni Patrick Surtain, ambaye miaka miwili baadaye alitajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Angalia mechi 12 za mwanzo. Ulinzi uliruhusu pointi 204, wastani wa 17 kwa mechi, kiwango ambacho timu yenye mashambulizi ya kawaida tu inafika nacho mtoano bila jasho. Mashambulizi ya Denver katika mechi hizo 12 yalileta pointi 166, chini ya 14 kwa mechi. Mwisho wa msimu jumla ilikuwa 287, na hakuna timu iliyofunga pungufu ya hapo mwaka huo. Walimwachia Bradley Chubb, mmoja wa wakabaji wao wakubwa, aende Miami tarehe 1 Novemba, na bado ulinzi ukasimama.

Sasa zamu ya vijana wanaomlaumu Wilson. Ukitaka ushahidi wao, chukua mechi moja tu, Oktoba 6, nyumbani dhidi ya Indianapolis Colts. Ilikwisha 12–9 baada ya muda wa nyongeza, hakuna timu iliyofika mstari wa bao hata mara moja, zote ni teke, teke, teke, saba kwa jumla. Watu walianza kuondoka uwanjani kabla ya muda wa nyongeza, jambo ambalo Denver si la kawaida. Zimebaki dakika mbili hivi, Denver wanaongoza 9–6, wako karibu na lango la Colts, na teke jepesi la pointi tatu lipo mkononi. Wilson akarusha kwenye eneo la bao, Stephon Gilmore akainasa. Colts wakasawazisha, kisha wakaongoza kwenye nyongeza.

Denver wakajibu vizuri, wakateremka mpaka yadi ya 5. Jaribio la nne, yadi 1 tu. Wangeweza kupiga teke wakasawazisha, safari hii Hackett akaamua kucheza, na mimi sina ugomvi na uamuzi huo. Wilson akapokea mpira, akamwangalia mpokeaji Courtland Sutton, akarusha, Gilmore yuleyule akaupangua. Ukiitazama marudio utamwona KJ Hamler, mpokeaji mwingine, yuko peke yake, hakuna mtu wa kumgusa, ameinua mkono. Mechi ilipokwisha Hamler alivua kofia yake ngumu akaibamiza chini. Picha hiyo mashabiki wa Denver hawaisahau. Kocha hawezi kurusha mpira kwa niaba ya kwotabeki.

Na kuna jambo linalowabana wale wanaomtupia Hackett kila kitu. Novemba, kabla ya mechi ya pili na Raiders, alimkabidhi msaidizi wake Klint Kubiak kazi ya kuchagua michezo. Kama tatizo lilikuwa yeye tu, tungeona tofauti. Mechi tatu zilizofuata walifunga 16, 10 na 9. Kwenye ile ya 10, dhidi ya Carolina, mlinzi Mike Purcell alimfokea Wilson pembeni mwa uwanja mbele ya kamera. Kwenye ile ya 9, Baltimore wakapata bao la ushindi zikiwa zimebaki sekunde 28, na mechi ikaishia kwa McManus kutumwa tena kujaribu muujiza, safari hii yadi 63. Wilson aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 55 msimu ule, idadi kubwa kuliko ya kwotabeki yeyote. Sehemu ya hizo ni ukuta uliobomoka mbele yake, Garett Bolles alivunjika mguu usiku uleule wa Colts, lakini sehemu nyingine ni tabia yake ya kuukumbatia mpira akingoja kitu kikubwa kitokee.

Majeruhi niwataje kwa haki: Tim Patrick goti kambini kabla msimu haujaanza, Javonte Williams goti mwanzoni mwa Oktoba, kisha Bolles. Ni pigo, ila kila timu ya ligi hii huumia.

Mwisho ulikuja siku ya Krismasi huko Los Angeles. Rams walikuwa mabingwa watetezi ambao nao msimu ulikuwa umewafia mkononi, timu ya kufungika kabisa. Wakaipiga Denver 51–14. Wachezaji wa Denver wakagombana wao kwa wao kwenye benchi huku kamera zinawaangalia. Siku iliyofuata Hackett akafukuzwa akiwa na ushindi 4 na vipigo 11, hata msimu wake wa kwanza hajaumaliza. Aliyeshika timu mechi mbili zilizobaki ni nani? Rosburg, yule mstaafu aliyekuja kutazama saa. Chini yake walifunga 24 wakafungwa na Kansas City, kisha wakafunga 31 na kuwashinda Chargers.

Ukinibana nitoe hukumu, mechi tano za mwanzo namwandikia kocha, zilizofuata nawagawia kocha na Wilson, na Wilson namwekea fungu kubwa. Lakini wewe uliuliza pia kwa nini ililipiwa miaka mingi, na hapo si kocha wala mchezaji. Hapo ni ofisi.

Septemba 1, 2022, siku 11 kabla ya mechi ya Seattle, Denver walimwongezea Wilson mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya takriban dola milioni 245, zaidi ya milioni 160 zikiwa za uhakika. Mkataba wake wa zamani ulikuwa bado na misimu miwili. Rudia kuisoma hiyo sentensi. Hakuna timu iliyokuwa ikimnyemelea, hakuna kilichokuwa kikiwaka moto. Wamiliki wapya, kundi la akina Walton na Penner, walikuwa wamekamilisha kununua klabu Agosti kwa dola bilioni 4.65, na meneja George Paton alitaka jambo liishe. Wangengoja msimu mmoja tu, wakamtazama akicheza na kocha mpya, wangebaki na njia ya kutokea.

Ligi ile ina kikomo cha mishahara, sawa kwa kila timu, na fedha za uhakika ulizoahidi huhesabiwa ndani ya kikomo hata mchezaji akishaondoka. Mwaka 2023 walimleta Sean Payton, yule wa 31–3, tena kwa kutoa nafasi nyingine ya raundi ya kwanza kwa Saints, ile waliyoipata kwa kumuuza Chubb. Kabla hata ya msimu Payton alisema hadharani kwamba kazi ya Hackett ilikuwa miongoni mwa mbovu kabisa katika historia ya ligi, akaja kujuta kusema hivyo, na Oktoba New York Jets, Hackett akiwa mratibu wao, wakaja Denver na kushinda 31–21. Chini ya Payton Wilson alipanda kutoka mabao 16 ya pasi hadi 26, na pasi zilizonaswa zikashuka kutoka 11 hadi 8, jambo linalowapa nguvu wanaomtetea. Haikutosha. Kulikuwa na kipengele cha mkataba ambacho kingeifunga klabu na dola milioni 37 nyingine Machi 2024, kwa hiyo mechi mbili za mwisho za 2023 akawekwa benchi, na Machi akaachwa.

Gharama ya kumwacha kwenye kikomo ilikuwa dola milioni 85, rekodi ya ligi. Milioni 53 zikahesabiwa 2024, 32 zilizobaki 2025. Mwaka 2024 Wilson aliichezea Pittsburgh kwa mshahara wa chini kabisa wa mkongwe, milioni 1 na ushei, huku sehemu kubwa ya malipo yake ikitoka Denver. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo Denver, ikiwa na kwotabeki kijana Bo Nix na mzigo huo mgongoni, ilishinda mechi 10 na kufika mtoano kwa mara ya kwanza tangu ule ubingwa wa Manning.

Kazini wakianza tena, usiwajibu chochote kuhusu Hackett wala Wilson. Waulize tu nafasi ya 5 ya drafti ya 2023, ile ambayo Denver waliipata kwa jasho la vipigo 12, ilimchagua nani. Jibu ni Devon Witherspoon, beki aliyeteuliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi mwaka wake wa kwanza. Akiichezea Seattle.